Tumbaku na Akili za Watoto Wetu

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wengi wetu huyahesabu malezi hayo tangu siku ya kuzaliwa, hali ya kuwa elimu ya tiba imekwisha kuthibitisha kwamba huanza tumboni, na kwamba tumbaku ni miongoni mwa maadui wa mwanzo wanaomwandama mtoto kabla hajaiona dunia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1957 mtafiti Winea Simpson wa California, Marekani, alitangaza kwamba akina mama wavutao sigara huzaa watoto njiti kwa wingi zaidi. Tangu hapo imethibitika kwamba mtoto wa mama mvutaji huzaliwa na upungufu wa gramu 200 hivi kwa wastani. Sababu yake yaeleweka. Moshi wa sigara una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo huing'ang'ania damu na kuinyima nafasi ya kuchukua oksijeni. Nikotini nayo hupenya kondo la nyuma, ikaufikia ubongo wa mtoto wakati chembe zake zinajipanga. Mwaka 2014 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilikata shauri kwamba nikotini hiyo huacha madhara ya kudumu katika ukuaji wa ubongo.

Ni makubwa kiasi gani? Hapa yatupasa kusema kweli. Mwaka 1994 David Olds na wenzake, waliowapima watoto wa Elmira, New York, walieleza kwamba wale wa miaka 3 na 4 ambao mama zao walivuta sigara 10 au zaidi kwa siku walipungukiwa alama 4 hivi katika vipimo vya akili, hata baada ya kuzingatia hali ya familia. Lakini uchunguzi wa baadaye nchini Uswidi, uliolinganisha ndugu wa tumbo moja, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za namna hiyo hutokana na elimu na maisha ya nyumbani. Kwa hiyo asitokee mwalimu wa kumwita mtoto mjinga kwa sababu mama yake alivuta. Upungufu wa uzito, hata hivyo, haukuondoka hata ndugu walipolinganishwa, na mtoto azaliwaye mdogo mno huianza safari ya masomo akiwa na mzigo.

Wako watakaouliza: haya yatuhusu nini sisi wa visiwani, ambao wanawake wetu wavutao sigara ni wachache? Yatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, tumbaku hutafunwa pia. Ile itiwayo katika tambuu pamoja na popoo na chokaa ina nikotini ile ile. Na huko Uswidi wajawazito watumiao tumbaku isiyo na moshi wameonekana kujifungua kabla ya siku zao zaidi ya wasioitumia. Pili, moshi una mwenyewe, naye aghalabu ni mume. Bwana awashaye sigara chumbani humvutisha mkewe na mtoto aliye tumboni bila ya ridhaa yao. Haifai hata kidogo kumshutumu mama peke yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo wataka watu wakingwe na moshi kazini na katika vyombo vya usafiri. Mkataba uliofungiwa kabatini haumlindi mtu. Mkuu wa ofisi avutaye mbele ya karani mja mzito anauvunja kwa mkono wake mwenyewe.

Twapendekeza kila mja mzito afikaye kliniki aulizwe kwa upole juu ya sigara na tumbaku ya kutafuna, na mumewe aitwe aulizwe vile vile. Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Lahitaji mwenye kuuliza, na mwenye kuacha.