Njia ya Waya ya Shume na Malezi ya Walimu wa Uhandisi

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zama nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi, yaani Wajerumani, palijengwa katika milima ya Usambara ya Magharibi kazi moja ya uhandisi ambayo kila asomaye habari zake hana budi kustaajabu. Ilikuwa njia ya waya, iliyotoka uwanda wa juu wa Shume ikateremka hadi Mkumbara, kando ya reli itokayo Tanga. Kampuni ya Wilkins na Wiese, iliyokuwa ikivuna mitarakwa na mipodo katika msitu ule, ilitaka mbao zake zifike relini. Na kwa kuwa mlima upande ule umesimama wima, na barabara ya mikokoteni ingalihitaji mizunguko isiyokwisha, waliitwa mafundi wa Adolf Bleichert wa Leipzig, mabingwa mashuhuri wa njia za waya duniani wakati huo, wakaunganisha juu na chini kwa nguzo na kamba za chuma. Umbali wake ulikuwa kiasi cha kilomita 9. Na kutoka kituo cha juu, ambacho Wadachi walikiita Neu-Hornow, hadi tambarare ya Mkumbara, mzigo ulishuka kimo cha karibu mita 1,500.

Atakaye kufahamu uhandisi ni nini na aitafakari kazi ile. Kamba ya chuma iliyotandazwa juu ya bonde haikai mstari ulionyooka. Hulegea kwa uzito wake yenyewe, fauka ya uzito wa mzigo unaopita juu yake. Mhandisi akiivuta sana ili isilegee, mkazo ndani yake huzidi hata ikahatarika kukatika. Akiiacha ilegee mno, gogo hugusa vilele vya miti na majabali. Jua la mchana huirefusha, baridi ya usiku huifupisha, na Shume ni mahali ambapo baridi ya Julai hupenya nguo nzito. Kisha lipo jambo la kuzuia: mzigo unaoshuka una nguvu ya kukivuta chombo kitupu kipande, na kwa hiyo shida ya njia ya namna hii aghalabu si kuuendesha mzigo, bali kuushika usikimbie. Mvuto, mkazo, joto la chuma, breki, msingi wa nguzo juu ya mwamba: hizo ni mada za miaka miwili ya chuo kikuu, zote zikiwa zimening'inia hewani juu ya vichwa vya watu wa Usambara.

Basi na tuulize swali ambalo wasifu wa kazi ile husahau kuliuliza: nani alijifunza? Vibarua Waafrika walikata miti, walibeba, walichimba. Lakini hesabu za kamba zilikuja zimekwisha kufanywa Ulaya, na hakuna darasa lililofunguliwa Shume wala Tanga la kumfundisha kijana namna zilivyofanywa. Tanga ilikuwapo shule ya serikali iliyofundisha kazi za mikono, useremala na uchapaji miongoni mwao, na katika mtambo wake ndimo lilimochapishwa gazeti la Kiongozi. Walakini fundi aliyefunzwa pale alifunzwa kutii mchoro, hakufunzwa kuuchora. Leo njia ile haipo. Nchi ilibaki na mlima ule ule, na haikubaki na mtu mmoja aliyeweza kusema ni kwa nini nguzo fulani ilisimamishwa mahali fulani.

Nimeianza sura kwa habari hii kwa sababu ushirikiano wa mataifa katika elimu ya uhandisi husifiwa kwa majengo na mitambo iliyoletwa, ilhali kipimo chake cha haki ni kingine: je, baada ya mgeni kuondoka, yupo mwenyeji awezaye kuwafundisha wengine? Ushirikiano uliomlea mwalimu umedumu, na ule uliomruka mwalimu umepita, hata kama uliacha chuma kingi nyuma yake.

Waingereza waliofuata hawakuugeuza sana mwendo huo. Zilianzishwa shule za ufundi, Ifunda na Moshi. Mwaka 1957 kikafunguliwa chuo cha ufundi Dar es Salaam, kilichokuja kuwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Lakini mlango wa shahada ulikuwa mbali. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya mwisho ya uhai wake, alikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka, nchi ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Kilipozinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, vyuo vitatu viligawana elimu: sheria ikawa Dar es Salaam, tiba na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi. Huo nao ulikuwa ushirikiano wa mataifa, tena wa majirani, nami nausifu bila kusita. Maana nchi changa zenye fedha haba hazina sababu ya kujenga maabara tatu za namna moja, na kijana wa Lushoto aliyekaa darasa moja na kijana wa Kisumu na wa Mbale alipata ndugu wa kazi kwa maisha yake yote. Ila kila taifa lilitamani wahandisi wake kwa wingi na kwa haraka. Mwaka 1970 chuo kile cha pamoja kilivunjwa kikawa vyuo vikuu vitatu, na Tanzania ikasimama bila kitivo cha uhandisi.

Kitivo hicho kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa muawana mkubwa wa Ujerumani ya Magharibi, kikianza na fani za ujenzi, umeme na mitambo. Uhandisi wa kemikali ukafuata. Hapa msomaji na atue kidogo, kwa kuwa Wajerumani walewale ambao babu zao waliishusha mitarakwa ya Shume bila kumfundisha mtu hesabu, safari hii walikuja kwa sharti jingine. Maprofesa wa kigeni waliofundisha miaka ile walikuwa wanafundisha huku nafasi zao zikiandaliwa warithi: vijana waliofuzu vizuri walibakizwa chuoni kuwa wasaidizi, wakapelekwa ng'ambo kwa shahada za juu, wakarudi, wakazishika kalamu za chaki. Tena mtaala haukumfungia mwanafunzi ukumbini. Likizo ndefu ilikuwa sehemu ya masomo: mwanafunzi alipelekwa kiwandani, kwenye karakana za reli, au kwenye barabara inayojengwa, akarudi na ripoti aliyopaswa kuitetea. Desturi hiyo ya mafunzo kwa vitendo ingaliko mpaka leo, na kwa rai yangu ni hiba bora kuliko maabara yoyote iliyowahi kupakuliwa bandarini.

Mithali ya wahenga, mgeni njoo mwenyeji apone, ilisadifu hapo. Lakini uponyaji ulijaribiwa upesi. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipungua mno nchini. Mashine iliyoharibika haikupata kipuri, kitabu kikawa kimoja kwa darasa zima, na mshahara wa mhadhiri ukashindwa kumfikisha mwisho wa mwezi, akalazimika kutafuta riziki nyingine jioni. Katika dhiki ya namna hiyo ufundishaji hupungua kwa njia isiyoonekana. Mwalimu husoma maandishi yake ya miaka iliyopita, wanafunzi huyanakili, na mtihani huyadai yarejeshwe kama yalivyotoka. Shahada hutolewa, lakini kijana hutoka akijua kanuni mia bila kujua ni ipi aitumie akisimama mbele ya korongo. Ugonjwa huu hauponi kwa kompyuta mpya. Hupona mwalimu akibadili swali analouliza.

Mfano wa swali jema uko hapa hapa Shume. Chukua barabara ipandayo kutoka Lushoto, ikapita Magamba, ikaelekea uwanda huu, ambayo magari huteremka nayo yakiwa yamesheheni viazi, kabichi na karoti za kupelekwa Tanga na Dar es Salaam. Masika yakishika, maji huvuka barabara mahali penye kijito, na kalavati iliyopo huzibwa kwa matope na matawi. Mwalimu wa mtindo wa zamani humpa mwanafunzi kiasi cha mvua, ukubwa wa eneo na kanuni, akamtaka apate kipenyo cha bomba. Jibu ni moja, na dakika kumi zatosha. Mwalimu mwingine humpa mwanafunzi yule kijito chenyewe. Sasa kijana hana budi apande juu kuona maji yanakusanywa na eneo gani, maana msitu huyanywa maji na kuyaachia polepole, ilhali shamba la viazi lililolimwa mteremkoni huyaachia yote kwa mkupuo pamoja na udongo wake. Hakuna kipimo cha mvua cha karibu, basi hutazama alama za mafuriko kwenye mawe, na huwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka ule mbaya. Akishapata kipenyo hujiuliza bomba lile litafika vipi, kwa bei gani, na nani atakayekuwa akizibua mdomo wake baada ya kila mvua. Na huenda akatambua kwamba daraja dogo la mawe, lijengwalo na mafundi wa kijiji, ni bora kuliko bomba. Hesabu haikupungua hapo hata kidogo, na fikra imezidi.

Namna hii ya kufundisha ndiyo ambayo vyuo vya mataifa mbalimbali vimekuwa vikiitafuta. Mnamo mwaka 2000 chuo cha MIT cha Marekani pamoja na vyuo vitatu vya Uswidi, Chalmers, KTH na Linköping, viliasisi mpango wa kuusuka mtaala kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe: kuwaza, kubuni, kutengeneza na kuendesha. Hao ni matajiri wenye karakana zilizojaa, nao pia waliona kuwa wahitimu wao walikuwa wakijua mengi na kutenda machache. Kwa hiyo asije mtu akadhani kuwa maradhi haya ni ya Afrika peke yake.

Kwetu, kati ya mwaka 2013 na 2015, Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza iliendesha mpango wa kutajirisha elimu ya uhandisi katika nchi za kusini na mashariki ya Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu kimojawapo, kingine kikiwa Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Jambo lililonipendeza katika mpango huo ni kwamba wahadhiri, si wanafunzi tu, walipelekwa viwandani wakakae na kufanya kazi kwa muda. Mtu aliyefundisha pampu kwa miaka bila kuifungua pampu iliyokwama usiku wa manane, akishakutana nayo, hawezi tena kuifundisha kwa maneno yale ya zamani. Hupata visa, na visa hivyo huwa maswali ya mtihani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kujenga ukumbi, na sijui kwa nini kila chuo kisingeifanya kuwa sharti la kupandishwa daraja.

Kuhusu vipimo vya ubora na ithibati nitasema kidogo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, limeshirikiana na Wajerumani kutunga miongozo ya ubora, ili shahada ya Dodoma ifahamike Kigali. Ni kazi ya lazima, walakini fomu zilizojazwa vizuri hazijawahi kumfundisha mtu.

Liko somo jingine ambalo milima hii inalifundisha kuliko kitabu chochote, nalo ni kwamba ushirikiano una pande tatu: mgeni, chuo, na watu wa mahali. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo, jirani na Shume, mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta mteremkoni. Wataalamu waliujua udongo. Hawakuujua mzigo wa kazi waliomtwika mwanamke wa Kisambaa, wala hawakumuuliza. Watu waligoma, chuki ikaingia katika siasa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwaka 1981 Wajerumani walianza Lushoto mradi mwingine wa udongo huo huo, safari hii kwa kupanda majani ya malisho na miti kwa mistari inayofuata kontua, ili mkulima apate chakula cha ng'ombe papo hapo anapoilinda ardhi yake. Tofauti ya miradi ile miwili, baina ya amri na manufaa, ingestahili kufundishwa mwaka wa kwanza wa uhandisi, kabla ya hesabu ya nguvu za udongo.

Na si mbali na hapa, katika bonde la Makanya chini ya milima ya Upare, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, taasisi ya maji ya Delft nchini Uholanzi na wenzao wa Afrika Kusini walifanya utafiti wa pamoja tangu mwaka 2003, wanafunzi wa uzamivu wa mataifa mbalimbali wakipima maji bega kwa bega. Huko waliikuta ndiva, bwawa dogo la kienyeji linalokusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashambani mchana kwa zamu zinazosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mwanafunzi wa Ulaya alikuja na chombo cha kupimia mtiririko. Lakini mwenyeji ndiye aliyejua zamu ni ya nani, nani yuko juu na nani yuko chini, na ugomvi gani hutokea kiangazi. Bila ilimu hiyo takwimu za chombo zisingesema kitu.

Kwa hiyo chuo chochote cha kwetu kitakapoketi na wageni kuandika mkataba mwingine, kifungu cha vifaa na kije mwisho. Vitangulie vifungu hivi: ni wahadhiri gani watakaolelewa na watarudi katika nafasi ipi, kwa mshahara upi, mgeni atafundisha pamoja na mwenyeji darasa moja au kila mmoja peke yake, na wanafunzi wa pande zote mbili watafanya kazi yao kwenye kijito gani, barabara gani, kijiji gani, huku matokeo yakiandikwa kwa Kiswahili na kuachwa katika ofisi ya kijiji hicho. Shume yafaa kuwa uwanja mmoja wa namna hiyo. Ina msitu wa kupandwa wa serikali, ina barabara zinazokatika kila masika, ina wakulima wajuao miteremko yao, na lile genge la Mkumbara lingalipo kwa mwanafunzi atakayetaka kuzirudia, kwa mkono wake mwenyewe, hesabu za kamba ambazo hakuna aliyezifundisha hapa.