Pombe ya Asali na Matunda: Maswali ya Wanaoanza

Swali linalotangulia, kabla mtu hajauliza hata bei ya asali, ni hili: kinywaji hiki kinaweza kunipofusha? Katika jiji la Nairobi ni swali la haki. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliua humo watu zaidi ya 100, wengi wao wakaazi wa mitaa ya Mukuru, na ikawaacha wengine vipofu. Mei 2014 msiba wa aina hiyo ukazikumba Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Mara zote mbili muuaji alikuwa methanoli, spiriti ya viwandani, iliyotiwa kwenye kinywaji ili kiwe kikali kwa bei ya chini.

Asali inayochachuka yenyewe haifiki huko. Matunda yana pektini, na pektini ikivunjika hutoa methanoli kidogo mno, kama ile iliyomo kwenye juisi ya matunda au divai ya dukani, na mwili huimudu. Hatari huletwa na mikono ya watu: kuongeza kitu usichokijua ili pombe "ishike", au kuichemsha na kukusanya mvuke wake namna chang'aa inavyopikwa. Usifanye lolote kati ya hayo, hata kwa majaribio.

La pili ni sheria. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ile iliyofuta marufuku ya chang'aa, inataka leseni kwa anayetengeneza kileo na kwa anayekiuza, na leseni za vileo siku hizi ziko mikononi mwa kaunti. Waulize wanaohusika na vileo katika kaunti yako kabla ya kuloweka chochote. Kuwauzia majirani chupa mbili tatu bila kibali ni kosa, hata kama kinywaji chenyewe ni safi kuliko cha baa.

Hayo yakishaeleweka, kilichobaki ni kazi ya jikoni ambayo nchi hii imeijua tangu zamani. Wakikuyu wana muratina, pombe ya asali, mara nyingi pamoja na maji ya miwa, inayochachushwa kwa tunda lililokaushwa la mti wa mwegea. Wakamba wana kaluvu. Watanzania wana wanzuki, Waethiopia wana tej. Anayeanza leo Kawangware au Lavington huenda moja kwa moja kwenye maelekezo yaliyoandikiwa Marekani, yanayomtuma kutafuta pakiti na vifaa vya ng'ambo, ilhali mambo makubwa ya kazi hii yamo katika muratina. Tunda la mwegea haliongezi utamu wala nguvu. Kazi yake ni kubeba chachu. Nyuzi zake hushika chachu kutoka pombe moja, huanikwa juani zikauka, kisha hutiwa katika pombe inayofuata. Mafundi waliotunza matunda hayo miaka na miaka walikuwa wanatunza mbegu ya chachu. (Tunda bichi la mwegea lina sumu. Usiliokote chini ya mti na kulitumbukiza kwenye ndoo.)

Asali ipi, na kiasi gani? Asali nzuri ina maji chini ya asilimia 20, na karibu yote iliyobaki ni sukari. Kilo moja ukiiongezea maji hadi ujazo wa lita 4 itakupa kinywaji cha asilimia 11 au 12 ya kileo, yaani nguvu ya divai, zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida. Naisisitiza hesabu hiyo kwa sababu wanaoanza hukijaza kinywaji hiki kwenye bilauri ya bia, wanakunywa kwa kasi ya bia, kisha wanashangaa. Asali nyeupe ya migunga ya Baringo huacha nafasi kwa harufu ya tunda. Asali nyeusi iliyorinwa kwa moshi mwingi ina ladha ya moshi, na moshi huo hautoki: sukari ikiliwa yote na chachu, wenyewe ndio unaobaki mbele. Ionje kabla ya kununua. Ukihisi moshi ulimini sasa, utauhisi maradufu baada ya miezi sita. Taasisi ya Taifa ya Ufugaji Nyuki iko Lenana, upande wa magharibi wa jiji, na anayetaka kuijua asali kwa dhati afike huko kabla ya kuyaamini majaribio ya njiti ya kiberiti, ambayo hayathibitishi lolote.

Usiichemshe asali. Vijidudu vichache sana huweza kuishi ndani yake, na moto utakufukuzia harufu uliyoinunua kwa pesa nyingi. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, ndipo uikoroge asali humo. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huondoka yakichemshwa. Maji ya visima virefu ni habari nyingine: visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na floridi haitoki kwa kuchemsha. Kama nyumba yako inategemea kisima, nunua maji ya kunywa kwa kazi hii.

Hamira ya mkate inafaa? Inafaa, na wanaokukataza wanazidisha. Itafika asilimia 11 au 12 ikitunzwa, ingawa mashapo yake ni mepesi na hutibuka ukigusa chombo. Chachu ya divai hutulia chini vizuri zaidi na huvumilia kileo kingi zaidi. Lakini iwe ipi, kinachowaangusha wanaoanza ni njaa. Asali ina sukari tele na karibu haina nitrojeni, na chachu bila nitrojeni ni sawa na mtoto anayelishwa sukari guru peke yake: itachangamka siku mbili, kisha izorote. Dalili yake huwezi kuikosa. Fungua kifuniko siku ya nne, na ikikupiga harufu ya yai bovu, chachu inaomba chakula. Chemsha kijiko cha hamira katika kikombe cha maji kwa dakika kumi mpaka ife, iache ipoe, umimine na ukoroge. Chachu iliyokufa ni lishe ya chachu hai. Fanya hivyo siku ya kwanza na tena siku ya tatu, na huenda harufu hiyo usiisikie kabisa. Zabibu kavu zinazotajwa kila mahali kama lishe hazina nitrojeni ya kutosha. Zitie kama unapenda ladha yake.

Mbona pombe yangu imesimama Julai? Kwa sababu ni Julai. Usiku wa kipupwe Nairobi hushuka hadi nyuzijoto 10 au 12, na nyumba zetu hazina vipasha joto. Chachu ya mkate hufurahia nyuzijoto 20 na kitu. Ikipoa hulala, na anayeanza hudhani imekufa, anaongeza pakiti ya pili, halafu ya tatu. Kifunike chombo kwa blanketi, kiondoe kwenye sakafu ya saruji, kiweke karibu na jiko mahali moto usipofika. Wazee waliweka kibuyu cha muratina kando ya moto kwa sababu hiyo hiyo. Kuanzia Septemba hadi Machi huhitaji kufanya chochote, na kwa kweli hali ya hewa ya Nairobi ni bora kwa kazi hii kuliko ya Mombasa, ambako joto huipa chachu pupa na kinywaji ladha kali ya kuunguza koo.

Sasa matunda, ambayo ndiyo raha yenyewe. Wengi huamini tunda huongeza nguvu. Piga hesabu: kilo moja ya maembe ina maji zaidi ya gramu 800 na sukari kama gramu 140, kwa hiyo unapoitia katika lita zako 4 unazimua kidogo. Tunda hutiwa kwa ajili ya harufu, rangi na uchachu. Ndiyo maana wakati wa kulitia una uzito mkubwa. Ukiliweka siku ya kwanza, viputo vinavyotoka kwa fujo vitachukua sehemu kubwa ya harufu. Ukingoja wiki mbili tatu, povu likatulia, ndipo ulitie, harufu itabaki ndani. Mimi hupendelea njia hii ya pili kwa karakara na stroberi. Kwa nanasi na embe napendelea kugawa, nusu mwanzo, nusu baadaye.

Karakara ni tunda zuri la kuanzia: uchachu mzuri kama wa ndimu, harufu isiyokwisha, na rojo la nusu kilo linatosha lita 4. Embe litie ndani ya mfuko safi wa kitambaa, la sivyo nyuzi zake zitakusumbua hadi mwisho. Matunda damu yamenye kabisa, maana ganda lake ni chungu na uchungu huo huganda kinywani. Nunua yaliyoiva sana, yale ambayo wauzaji wa Marikiti au Kangemi huyapunguza bei jioni, lakini kata na kutupa kila penye kuoza. Ukiyagandisha kwenye friza usiku mmoja kabla ya kuyatumia, barafu itapasua nyama yake na maji yatatoka kwa urahisi.

Tunda huelea, na hapo ndipo mambo huharibika. Gesi hulisukuma juu, sehemu iliyo nje ya maji hukauka, na kwenye ukavu huo huota ukungu. Asubuhi na jioni chovya mwiko wa mbao katika maji yanayochemka, kisha lididimize tunda polepole. Utasikia mchemko, sauti kama soda iliyofunguliwa, na povu litapanda. Ndiyo sababu ndoo haijazwi hadi ukingoni. Utando mweupe laini unaotanda juu kama malai si janga, ondoa tu na uzibe hewa vizuri. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, mwaga kila kitu. Usijaribu kuchota na kuokoa.

Vyombo havihitaji kuwa vya gharama: ndoo au mtungi wa plastiki ya chakula, usiowahi kubeba rangi wala dawa, na mpira mwembamba unaotoka kwenye kifuniko hadi kikombe cha maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Mabati usiyatumie, kwa kuwa asidi huyala. Nzi wadogo wanaozunguka matunda jikoni hubeba bakteria wa siki, na mmoja akiingia huenda ukabaki na siki nzuri ya saladi.

Nitajuaje imeiva? Kukoma kwa viputo hakutoshi. Tafuta haidromita, kile kipimo cha kioo kinachouzwa na maduka ya vifaa vya maabara katikati ya jiji. Kiweke kielee, kisome jicho likiwa usawa wa maji. Maji yako ya asali yataanza karibu 1.075 na kuteremka hadi 1.000 au chini yake. Pima, ngoja wiki mbili, pima tena. Namba ikiwa ile ile, na imefika 1.000 au chini yake, chachu imemaliza. Ikiwa bado inashuka, chupa utakazofunga zitaendelea kujaa gesi, na chupa ya kioo inayopasuka kabatini hurusha vipande kama risasi. Chupa za divai ya kawaida hazikuundwa kustahimili shinikizo; ukiwa na shaka yoyote acha pombe kwenye mtungi wenye mpira, itakaa humo miezi bila madhara.

Muratina hunywewa changa, ingali inachachuka, na ndivyo ilivyokusudiwa. Pombe ya asali yenye nguvu ya divai ni tofauti. Mwezi wa pili huwa kali na isiyo na ladha nyingi, na hapo ndipo wengi humwaga wakidhani wameshindwa. Ihamishe kwa mpira kutoka kwenye mashapo, jaza chombo hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, iweke gizani, uonje tena mwezi wa sita.