Muulize Wakala Mzigo Utanyanyuliwa Mara Ngapi

Meli kubwa kabisa za makontena hubeba zaidi ya makontena 20,000 ya futi 20. Treni ya mizigo inayotoka China kwenda Ulaya hubeba kama 100. Meli moja basi ni treni 200, nayo huendeshwa na mabaharia wasiofika 30. Kwa bei ya kusafirisha tani moja kilomita moja, reli haifui dafu.

Bahari, tena, haijengwi. Reli inadai tuta, madaraja, mataruma na mafundi wa kuitunza mwaka mzima, treni zipite zisipite. Ila maji humkomoa mwenye haraka. Nguvu inayotakiwa kuisukuma meli hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: nahodha akipunguza mwendo kwa asilimia 10, injini hupumzika kwa zaidi ya robo, na ijapokuwa safari inarefuka, mafuta yanayookolewa hukaribia moja ya tano. Ndiyo maana mafuta yakipanda bei, meli hutambaa.

Hapo ndipo treni inapopata wateja. China hadi Ulaya ni wiki mbili au tatu kwa reli, na wiki tano au zaidi kwa bahari. Mwenye kompyuta au vipuri vya magari, ambaye mtaji wake umelala ndani ya kontena huku riba ya benki ikihesabika, atalipia reli. Mwenye ngano atangoja meli.

Lakini kilomita si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Fedha na siku hupotea pale mzigo unapobadilisha chombo. Reli za China na za sehemu kubwa ya Ulaya zina geji, yaani upana kati ya pau mbili za reli, ya milimita 1,435; zile za uliokuwa Muungano wa Kisovieti, 1,520. Kwa hiyo makontena hunyanyuliwa kwa winchi mpakani mwa Kazakhstan na tena yanapoingia Poland, na foleni huanzia hapo.

Tanzania tumejaliwa geji tatu: reli ya kati ya zamani milimita 1,000, TAZARA, reli ya kwenda Zambia, 1,067 na SGR, ile reli mpya, 1,435. Mzigo wa Zambia ukipita reli ya kati lazima uhamishwe Kidatu, maana behewa la huku halipandi reli ya kule.

Ziwa Victoria lina jibu ambalo mimi naliona la akili kuliko miradi mingi ya kisasa. MV Umoja, meli ya miaka ya 1960, ina reli ndani yake. Mabehewa yapatayo 20 huingizwa Mwanza yakiwa na shehena yake, huvuka hadi Port Bell, kisha hutolewa na kuendelea Kampala. Hakuna kontena linaloguswa. Inawezekana kwa sababu reli za pande zote mbili zina geji ya mita moja. SGR itakapofika Mwanza, mabehewa yake hayataweza kuteremka kwenye reli hizo za Uganda, na gati la Mwanza litahitaji winchi za kutosha ili faida ya mwendo isiliwe na foleni.

Wewe mwenye mzigo, usiishie kuuliza bei ya treni na bei ya meli. Muulize wakala kontena lako litanyanyuliwa mara ngapi kati ya gati na ghala, na nani atalipia kulirudisha likiwa tupu.