Sanduku la diski: Mnunuzi atazame na uhai wa kampuni

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotunza hesabu, mikataba na picha za bidhaa katika kompyuta ya nyumbani hufikia siku diski ya ndani ikajaa. Wengi hukimbilia sanduku la nje lenye nafasi ya diski nne, na dukani swali la kwanza huwa ni bei. Lipo swali linalostahili kutangulia: sanduku likifa, diski zake zitasomeka wapi?

Walionunua Drobo wanalijua vyema. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuuza sanduku lake mwaka 2007, likapendwa kwa kuwa lilipokea diski za ukubwa tofauti na kujipanga lenyewe. Lakini mpango huo ulikuwa siri ya kampuni. Mwaka 2022 kampuni mama, StorCentric, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na mwaka 2023 shauri likageuka kuwa la ufilisi. Diski zilizotolewa katika Drobo hazisomeki zikichomekwa moja kwa moja katika kompyuta ya kawaida. Mwenye data hulazimika kusaka Drobo nyingine iliyotumika, au kulipia programu ya kuokoa data.

Ndiyo maana sanduku lisilo na akili yake, linaloiachia kompyuta kazi ya kupanga diski, huweza kuwa ununuzi wa busara ingawa dukani linaonekana duni. Diski zilizopangwa na Linux, kwa mfano, hutambuliwa na kompyuta nyingine ya Linux.

Hesabu ya nafasi nayo huwaponza wengi. Diski 4 za terabaiti 4 ni terabaiti 16 kwenye tangazo. Kwa mpango wa RAID 5 hubaki 12, na diski moja ikifa data inasalimika. RAID 0 hutoa zote 16, ila diski moja ikifa data yote imekwenda. Muuzaji anayetaja 16 tu aulizwe ni mpango gani.

Masanduku mengi huuzwa matupu, hivyo fedha nyingi huishia kwenye diski. Huko nako kuna mtego: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za Red huandika data kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Diski za namna hiyo huweza kuchukua muda mrefu mno pale diski iliyokufa inapobadilishwa.

Wala RAID si nakala ya akiba. Faili likifutwa kwa makosa limefutika kote, na mwizi hubeba sanduku zima. Kwa mwenye mtaji mdogo, sanduku la diski 2 zenye data ileile, pamoja na diski ya 3 inayowekwa nyumba nyingine, humgharimu pungufu ya sanduku la diski 4 za ukubwa huohuo.