Usiukate Mnazi Makuti ya Manjano

Mtu akinilalamikia kwamba mnazi wake unageuka manjano, swali langu la kwanza ni hili: manjano yalianzia makuti ya chini au ya juu? Yakiwa ya chini, yana madoadoa ya rangi ya chungwa na ncha zimekauka kama zilizobabuliwa na moto, mimi hushuku upungufu wa potasiamu kabla ya kulaumu jua.

Mti huipata potasiamu ikiwa imeyeyuka katika maji ya udongo. Mnazi hauna vile vinyweleo vya mizizi vya mahindi. Hunywa kwa sehemu laini karibu na ncha za mizizi. Kutoka hapo potasiamu hupanda na maji ndani ya shina hadi kileleni. Kwenye makuti ndiyo inayoendesha vitundu vya kupumulia: ikiingia katika seli za mlangoni, maji huifuata, seli zikavimba na tundu likafunguka. Ikitoka, tundu hujifunga. Mti wenye upungufu huitawala vibaya milango hiyo, na kiangazi huuonea.

Tofauti na kalsiamu, potasiamu haigandi ilipofika. Ikiadimika, mnazi huitoa kwenye makuti makuukuu na kuipeleka kwenye machanga na kwenye vidaka. Ndiyo maana ya chini hutangulia kuugua. Basi anayepanda na panga kuyakata, eti yanaharibu sura ya shamba, huupokonya mti akiba yake, nao huanza kuyanyonya yanayofuata. Yaache yakauke yenyewe.

Nyingine huishia kwenye tunda. Maji ya dafu yana miligramu 250 hivi kwa kila mililita 100, na kumbi nalo limejaa. Hapa ndipo ninaposikitika. Mashamba mengi yetu, Kwale hadi Kilifi, ni mchanga, na mchanga hauishiki potasiamu. Masika huiosha ikazama. Kisha makumbi tunayauza yote, au tunayachoma jikoni na jivu tukalitupa jaani! Anayefua nazi zake shambani ayatandaze makumbi kuuzunguka mnazi, hatua moja au mbili kutoka shinani. Jivu pia lafaa, kwa kiasi.

Ila kuti lenye madoa halirudi kuwa kijani. Nafuu huonekana kwenye makuti mapya tu, na mnazi hutoa moja hivi kwa mwezi. Kwa hiyo hesabu miaka miwili au zaidi kabla ya kilele kizima kubadilika.