Goti la Bandia na Kano Iliyokatika

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, imewawezesha wagonjwa wetu kubadilishiwa magoti bila ya kwenda ng'ambo. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mgonjwa hurudi kwao na goti lake, na huko ndiko tunakotaka wakuu wa afya, Bara na Visiwani, waelekeze macho.

Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa wa Nanyala, wilayani Mbozi, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam alikopasuliwa. Anajikwaa shambani, na kano iunganishayo pia ya goti na mfupa wa muundi inakatika. Anapigwa picha, chuma kinaonekana kimekaa barabara, naye anarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Picha haikudanganya. Aliyeitazama alitafuta chuma, hakuiona pia iliyopanda juu ya mahali pake. Hata pasipo picha, ingetosha kumlaza chali na kumwambia ainue mguu ukiwa umenyooka. Asiyeweza hana budi kupelekwa kwa bingwa wa mifupa bila kukawia.

Ajali hii si ya kila siku, ingawa kisukari na maradhi ya figo huidhoofisha kano. Inapotokea, kuishona tu mara nyingi hakufui dafu, na kano iliyoachwa muda mrefu husinyaa. Mabingwa wa Marekani walizoea kupandikiza kano ya kisigino ya maiti pamoja na kipande cha mfupa wake, kazi inayotaka benki ya viungo na majokofu. Mwaka 2011 madaktari wa Mayo Clinic walitangaza njia nyingine: wavu wa polipropilini, wa jamii ile itumikayo kuzibia ngiri, hukunjwa, ukashikizwa kwenye muundi kwa saruji ya mifupa, kisha ukafunikwa kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Wavu hautaki jokofu, na sioni kwa nini tuushindwe.

Ugumu umo katika miezi miwili au mitatu ya baadaye, mguu ukiwa ndani ya plasta, kabla goti halijaanza kukunjwa pole pole. Mwenye mguu huo hapandi boti ya Pemba kila juma, wala basi la Tunduma. Wizara zote mbili ziwapatie wagonjwa hawa kadi inayoeleza dalili za kano kukatika, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo awe karibu nao, Pemba na Mbozi.