Mvinyo Mweupe wa Miaka Mingi Katika Joto la Mikumi

Katoni ya mvinyo ikitoka Dodoma kwenda Mikumi hupita Morogoro kwa lori, kisha hushika barabara kuu ya Iringa, ile inayokata katikati ya hifadhi ya Mikumi. Ya Kilosa inaweza kupanda treni, maana mji huo uko kwenye reli ya kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Kwa njia yoyote ile, mzigo unateremka. Dodoma imepita mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kilosa na Mikumi hazifiki 600. Mteremko huo, unaoongeza joto, ni habari mbaya kwa anayetaka kuitunza chupa miaka mingi.

Zabibu nyeupe iliyozoeleka Dodoma ni chenin blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Huko kwao, hasa Vouvray, hutengenezwa mvinyo wenye utamu kiasi uitwao demi-sec. Kwa kanuni za Ulaya, sukari yake huzidi gramu 4 kwa lita na kuishia 12, au hata 18 uchachu ukiwa mwingi. Chupa nzuri hulazwa miaka 20, 30 na zaidi, ndani ya mapango yaliyochongwa kwenye mwamba wa chokaa, ambako joto huwa karibu nyuzi 12 mwaka mzima.

Wengi hudhani sukari ndiyo inayoutunza mvinyo huo. Sukari inasaidia, lakini mzigo mkubwa unabebwa na uchachu, na chenin inao wa kutosha. Tatizo ni kwamba zabibu ikiiva kwenye joto kali hupoteza sehemu ya uchachu wake ingali mtini. Mkulima wa Dodoma, anayeweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, hulazimika kuchagua siku ya kuvuna kwa makini sana.

Chupa iliyozeeka vizuri hujieleza yenyewe. Mvinyo ukimiminwa kidogo kwenye glasi, ukainamishwa mbele ya karatasi nyeupe, rangi huwa ya dhahabu inayong'aa. Harufu ya tunda bichi imefifia. Mahali pake pamekuja asali, nta ya masega, njugu zilizokaangwa. Ulimini utamu unaonekana kupungua kuliko ulivyokuwa mwanzo, ingawa sukari iko palepale. Kisha mate yanajaa mdomoni. Yasipojaa, uchachu umeshachoka, na utamu uliobaki unakinaisha.

Iliyounguzwa na joto nayo haijifichi. Kizibo kimejisukuma juu, shingo ina alama za kuvuja, rangi imekuwa ya chai. Harufu ni ya sukari iliyoungua au tofaa lililokatwa likasahaulika mezani. Kilosa na Mikumi, ambako joto la mchana kuelekea Desemba huzidi nyuzi 30, chupa iliyosimama kwenye rafu ya duka lenye paa la bati inaweza kufika hali hiyo mapema mno. Kemia yake haina siri: kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko mengi hukimbia takriban mara mbili.

Kwa hiyo mvinyo mweupe wa Dodoma, kwa wakazi wa ukanda huu, ni heri unywewe ungali mchanga. Mwenye subira ailaze chupa ndani ya friji, na anunue mbili: moja ifunguliwe sasa, ladha yake iandikwe, nyingine isubiri. Siku ya kuifungua, itolewe kwenye friji dakika 20 kabla, kwa sababu baridi kali huziba harufu zote zilizosubiriwa. Chakula chake ni kuku wa kuchoma mwenye pilipili, au samaki wa nazi. Utamu kidogo hupoza pilipili, na uchachu hukata mafuta ya tui.

Ikibaki nusu, ifungwe na irudi kwenye friji usiku uleule. Mvinyo mzee hauvumilii hewa kama mchanga, na kesho yake jioni huenda ukafaa kupikia tu.